Dogo Kuwa Kubwa: Miligramu, Tani na Hesabu ya Dhambi

Gramu elfu moja ni kilogramu moja, na kilogramu elfu moja ni tani moja. Upande wa chini, gramu yenyewe hugawanyika kuwa miligramu elfu. Kati ya gramu na kilo zimo dekagramu na hektogramu, ambazo shule huzifundisha na soko huzisahau; kati ya kilo na tani imo kwintali, yaani kilo mia, ambayo mfanyabiashara wa mpunga haisahau kwa kuwa ndiyo gunia lake. Anayepanda ngazi hii hugawanya kwa kumi, kwa mia au kwa elfu, anayeshuka huzidisha. Kitu kilichomo mizanini hakiongezeki wala hakipungui kwa kuitwa gramu 50,000 badala ya kilo 50. Hubadilika tarakimu na jina tu.

Urahisi huo ndio unaozaa swali. Vitu vingine vingi huitwa vidogo na vikubwa: thamani, madhara, sadaka, dhambi. Watu huvizungumzia kana kwamba navyo vimo katika ngazi hiyohiyo, na haba na haba hujaza kibaba ni methali inayofaa akiba na uovu vilevile. Je, madogo elfu ya aina hiyo huwa kubwa moja? Na kama huwa, ni nani anayeyajumlisha, na kwa mizani ipi?

Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, ni mahali pafaapo kulichunguzia swali hili, kwa sababu ncha mbili za ngazi zinakutana humo kila siku. Mto Kongo unapomaliza maporomoko ya Wagenia unaanza kupitika kwa vyombo, na kutoka hapo hadi Kinshasa ni safari ya takriban kilomita 1,700. Mpunga wa Isangi, wa Opala na wa Bafwasende huteremka mto kwa tani. Almasi za jimbo hilohilo, zinazochimbwa mchangani na kwenye mikondo ya vijito, huondoka mjini humo zikiwa zimekunjwa ndani ya karatasi ndogo. Tangu serikali ya Zaire ilipowaruhusu watu binafsi kuchimba na kuuza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba za kununulia almasi, kontwari kama zinavyoitwa huko, zimejipanga mjini zikiwa na picha za mawe yanayometameta ukutani. Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoyafanya majeshi ya Rwanda na Uganda yapigane humo mjini kwa siku sita mwezi Juni 2000, wakazi wakiwa katikati ya mizinga.

Almasi hupimwa kwa karati. Mwaka 1907 Mkutano Mkuu wa Vipimo uliikubali karati ya metriki kuwa miligramu 200 kamili, hivyo karati tano ni gramu moja. Karati hugawanywa tena kuwa pointi mia, na pointi moja ni miligramu mbili. Punje ya mpunga usiokobolewa ina uzito wa miligramu 25 hivi. Kwa hiyo punje nane za mpunga zinalingana na karati moja, na gunia la kwintali moja, likipimwa kwa kipimo cha kontwari, lina karati 500,000. Hesabu hiyo ni sahihi, ingawa hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemuuzia mwenzake mpunga kwa karati.

Ngazi ya metriki ni mgeni katika eneo hili. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyewekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1887, alihesabu pembe zake za ndovu kwa frasila, kama ilivyokuwa desturi ya Unguja. Frasila moja ilikuwa ratili 35, takriban kilo 16. Dhahabu ya mashariki ya Kongo bado hupimwa kwa tola katika mikono mingi. Ni kipimo cha Kihindi cha gramu 11.66, kilichovuka bahari pamoja na wafanyabiashara. Huko machimboni, gramu ndogondogo zimepimwa kwa njiti za kiberiti na sarafu zilizokwisha muda wake, zikiwekwa kwenye kitanga cha pili cha mizani.

Metriki ilikuja na dai kubwa zaidi ya hayo yote. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 iliifafanua gramu kuwa uzito wa maji safi yanayojaza mchemraba wenye upande wa sehemu ya mia ya mita, na mita yenyewe ilitolewa kwenye kipimo cha dunia. Nia ilikuwa kupata kipimo ambacho si cha mfalme yeyote wala cha soko lolote, kipimo cha watu wote na nyakati zote. Mwaka 1799 ilitengenezwa kilogramu ya platini. Mkataba wa Mita ulitiwa saini mjini Paris tarehe 20 Mei 1875 na mataifa 17, Ubelgiji likiwemo. Hivyo koloni la Ubelgiji likapokea kilo bila kuulizwa, kama lilivyopokea mengine. Mwaka 1889 ikaidhinishwa kilogramu kielelezo, kipande cha platini na iridiamu kilichofungiwa huko Sèvres kwa funguo tatu zilizoshikwa na watu watatu tofauti.

Kielelezo hicho kilileta tatizo ambalo mwanafalsafa angelifurahia zaidi kuliko mhandisi. Kilipolinganishwa na nakala zake kati ya mwaka 1988 na 1992, ilionekana kwamba katika miaka mia moja vimeachana kwa kiasi cha mikrogramu 50 hivi. Nani kapungua, nani kazidi? Kwa sheria ya wakati huo, kielelezo hakikuweza kukosea, kwa kuwa kilo ilikuwa uzito wake wowote ule. Ludwig Wittgenstein alikuwa ameshaona jambo hili kuhusu mita: kitu kimoja ambacho hakifai kusemwa kuwa kina urefu wa mita moja, wala kwamba hakina, ni ile mita kielelezo yenyewe. Saul Kripke alimpinga baadaye, akisema kwamba fimbo ile ingeweza kabisa kuwa na urefu mwingine, na kwamba mtu aweza kujua jambo bila kulipima na bado jambo hilo lisiwe la lazima. Ubishi huo haukuisha, lakini wanasayansi walikwepa mtego: tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na thamani isiyobadilika ya konstanti ya Planck, na kipande cha Sèvres sasa ni kitu kinachopimwa kama kingine chochote.

Kinachobaki imara katika haya yote ni uwiano. Kilo ikiyumba, gramu inayumba nayo, na elfu inabaki elfu. Kubadili gramu kuwa kilo ni kweli kwa kuwa tumekubaliana iwe hivyo, na anayekosea amekosea hesabu tu. Ni vizuri kuitenga aina hii na aina nyingine za kubadili, ambazo mara nyingi huvaa nguo zake.

Aina ya pili ni ile inayohitaji kuujua ulimwengu. Waislamu wa pwani na wa Kongo hutoa zaka ya fitiri kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Pishi ni kipimo cha ujazo. Ukitaka kuijua kwa kilo lazima uulize ni pishi ya nini, kwani mchele, mahindi na tende havijazi chombo sawa. Ndiyo maana mashekhe hutaja kilo mbili na nusu, wengine karibu tatu, bila mmoja wao kuwa mwongo. Hata uzito na tungamo havibadilishani bila masharti. Kisangani iko takriban nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta, na hapo mvutano wa dunia ni mdogo kuliko Ulaya. Mizani ya springi iliyosawazishwa Brussels, ikiletwa Kisangani bila kusawazishwa upya, itapunguza gramu tatu na ushei kwa kila kilo. Kwa gunia la kwintali moja, muuzaji hupoteza zaidi ya gramu 300, na hakuna aliyemwibia. Mizani ya elektroniki ina kasoro hiyohiyo. Ile ya vitanga viwili haina, kwa kuwa hulinganisha kitu na kitu, na mvutano unavivuta vyote kwa usawa. Wenye kuzidharau mizani za vitanga za machimboni wangefaa kulijua hilo.

Aina ya tatu inahitaji watu. Karati mbili zina uzito wa karati moja mara mbili, lakini jiwe moja la karati mbili haliuzwi kwa bei ya mawe mawili ya karati moja. Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara Mfaransa wa karne ya 17 aliyesafiri India mara kadhaa, aliandika kanuni iliyotumika wakati ule: bei hupanda kwa kipeo cha pili cha uzito, hivyo jiwe la karati mbili lina thamani ya manne ya karati moja. Soko la leo haliifuati kanuni hiyo kikamilifu, ila mwelekeo ni uleule. Mchimbaji wa Banalia, jimboni humohumo, aliyepasua jiwe kwa sururu hakupoteza hata miligramu moja, na bado amefilisika.

Swali la dini na maadili liko wapi kati ya aina hizi tatu? Kabla ya kufika huko kuna mtego mmoja wa kuondoa. Zeno wa Elea, kwa masimulizi ya Aristotle, aliuliza kwa nini gunia la mtama likianguka hutoa kishindo ilhali punje moja ikianguka haisikiki. Ikiwa punje haitoi sauti, gunia lisingetoa, kwa kuwa ni punje tupu. Aristotle alijibu kwamba sehemu ya kitu inaweza isifanye hata kidogo kile ambacho kitu kizima hufanya: nguvu ya watu mia wanaovuta mashua haigawanyiki ikampa kila mmoja hatua yake ndogo. Eubulides wa Miletus aliliweka kwa namna nyingine: punje moja si lundo, na kuongeza punje moja hakufanyi kisicho lundo kuwa lundo; basi lundo halipo kamwe. Lakini mizani ya gunia haioni punje ya mpunga kwa sababu ya mizani, wala si kwa sababu ya punje. Mizani ya almasi inaiona vizuri. Kutohisi ni tabia ya chombo, na kosa la kwanza katika kuhesabu madogo ni kudhani kwamba kisichohisiwa ni sifuri.

Kosa hilo lina mahali pake maalumu kwenye kontwari. Tuseme mzigo mdogo wa mawe umewekwa mizanini na kioo kikaonyesha 3.47. Mnunuzi anaandika 3.4, kwa kauli kwamba desimali ya pili ni ya vumbi. Karati 0.07 iliyoachwa ni miligramu 14, zaidi kidogo ya nusu punje ya mpunga. Mchimbaji aliyesafiri siku kadhaa kutoka Bafwasende, na kwa sehemu ya mwisho akapakiwa kwenye toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria, hatagombana kwa nusu punje. Akigombana ataonekana mchokozi. Mnunuzi akifanya hivyo kwa mizigo elfu, amekusanya karati 70, yaani gramu 14 za almasi. Kwa upande wa mawe, kupanda kutoka miligramu 14 hadi gramu 14 ni hesabu ya darasa la nne. Kwa upande wa kosa, ni kitu gani kimepanda?

Midrashi ya Kiyahudi juu ya kitabu cha Mwanzo ina jibu la kisa. Inaeleza udhalimu wa kizazi cha gharika ya Nuhu: mtu alileta sokoni kapu lililojaa kunde, na kila aliyepita alichukua kiasi kidogo, chini ya thamani ya peruta, sarafu ndogo kuliko zote, ambayo chini yake mahakama haisikilizi kesi. Kapu likaisha, na mwenye kapu hakuwa na wa kumshtaki. Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza Jonathan Glover, katika makala kuhusu kauli ya kwamba mchango wa mtu mmoja haubadilishi kitu, alitunga mfano unaofanana nao kwa namna ya kushangaza. Majambazi mia wanaingia kijijini, na kila mmoja anampora mwanakijiji mmoja chakula chake cha mchana. Wiki inayofuata wanaona haya, hivyo kila jambazi anachukua punje moja tu ya maharage kwenye kila sahani. Wanakijiji wana njaa ileile, ila sasa kila jambazi anaweza kusema hakumdhuru yeyote kwa kiasi kinachohisika. Derek Parfit aliuendeleza mfano huo katika kitabu cha mwaka 1984 na kufikia uamuzi kwamba tendo laweza kuwa ovu kwa kuwa ni sehemu ya matendo ambayo kwa pamoja yanadhuru, hata kama lenyewe halina dhara linaloonekana.

Mfano wa Glover na ule wa midrashi inatofautiana na kontwari kwa jambo moja, nalo ni jambo lenye uzito. Kwenye kapu la kunde, wachukuaji ni wengi na mpunjwaji ni mmoja: hasara imekusanyika, hatia imetawanyika. Kwenye kontwari ni kinyume: mchukuaji mmoja, wapunjwaji elfu, hatia imekusanyika, hasara imetawanyika. Tungamo halina mwenyewe. Gramu 14 ni gramu 14 zikiwa kwenye mfuko mmoja au zikiwa zimetawanyika jimbo zima. Kosa lina wenyewe wawili, aliyelitenda na aliyetendewa, na jumla yake inategemea limehesabiwa upande wa nani.

Teolojia ya Kikatoliki, inayohubiriwa Kisangani tangu wamisionari wa Moyo Mtakatifu walipofika mwaka 1897, ilikutana na ugumu huu mapema. Thoma wa Akwino aliuliza waziwazi kama dhambi nyepesi zaweza kuungana zikawa dhambi ya mauti, na akajibu hapana. Dhambi nyepesi zote za ulimwengu zikijumlishwa hazifikii moja ya mauti, kwa kuwa hazitofautiani kwa wingi, zinatofautiana kwa aina: moja ni kujikwaa njiani, nyingine ni kuiacha njia yenyewe. Wingi wa dhambi nyepesi unaweza tu kumzoesha mtu mpaka aje kuiacha. Kwa lugha ya vipimo, Thoma anasema kwamba ngazi ya dhambi imekatika katikati. Hakuna elfu inayovusha. Kuhusu wizi wenyewe alisema kwamba akili hukihesabu kidogo kuwa si kitu, na anayechukua kitu kidogo mno huenda akasamehewa dhambi ya mauti.

Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja yanampa mnunuzi wa kontwari kinga nzuri mno. Kila miligramu 14 si kitu, na visivyo vitu elfu haviwi kitu. Walikuwapo walimu wa maadili waliokwenda njia hiyo, na tarehe 2 Machi 1679 Papa Inosenti wa XI alizilaani kauli 65 za ulegevu. Mojawapo ilikuwa ile iliyodai kwamba mtu hafungwi, chini ya adhabu ya dhambi ya mauti, kurudisha alichochukua kwa wizi mdogomdogo, hata jumla iwe kubwa kiasi gani. Wanateolojia wa baadaye walieleza kwa nini laana hiyo haimpingi Thoma. Dhambi hazijajumlishwa. Mali ndiyo iliyojumlishwa. Karati 70 zimo mkononi mwa mtu mmoja, ni kitu kizito kimoja, na kukishikilia ni tendo moja zito la leo, hata kama kukipata kulikuwa matendo elfu mepesi ya jana. Ufafanuzi huo una akili nyingi kuliko sifa unazopewa: unayapeleka mawe kwenye mizani ya mawe, na unaiacha dhamiri ihukumiwe kwa kile inachokijua sasa.

Uislamu, ambao ulifika kwenye bonde hili pamoja na misafara ya Waswahili na bado una waumini wake mjini, unaanza kutoka ncha ya pili. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji, na inawaelezea kuwa watu wanaodai kipimo kamili wanapopokea na wanaopunguza wanapotoa. Kosa linalotajwa ni la kiasi kidogo, maana hakuna anayempunja mnunuzi nusu gunia akiwa mbele yake. Torati ilikuwa imekataza jambo la jirani na hilo, katika Kumbukumbu la Torati: kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, kubwa na dogo. Sura ya 99 inakwenda mbali zaidi, inaahidi kwamba hata kheri au shari yenye uzito wa chembe itaonekana. Hapo hakuna kizingiti. Mizani ya Akhera, tofauti na ile ya gunia, inaiona punje.

Hata hivyo sheria ya dini hiyohiyo imejaa vizingiti. Zaka ya dhahabu haiwajibiki chini ya mithkali 20, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzibadili kuwa gramu 85. Mwenye gramu 84 hadaiwi kitu. Mwenye 85 anadaiwa asilimia mbili na nusu ya zote, yaani gramu 2.125, na si ya ile gramu moja iliyozidi. Adhabu ya wizi, kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani, haianzi chini ya robo dinari, gramu moja na kidogo ya dhahabu. Lakini hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inasema kwamba anayemnyang'anya mwenzake haki yake kwa kiapo anastahili Moto, hata kama ni kijiti cha mswaki. Vizingiti vya kadhi ni vya kadhi, kwa kuwa mahakama ni chombo chenye uwezo wenye mpaka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliunganisha pande hizo mbili katika kitabu cha toba cha Ihyaa Ulumiddin: dhambi ndogo hugeuka kubwa kwa kuendelezwa, na hugeuka kubwa pia mtu anapoiona ndogo. Sababu ya pili ndiyo ya kutazamwa. Mnunuzi anayeita pointi saba vumbi ameongeza uzito wa kosa kwa jina alilolipa, jambo ambalo miligramu haziwezi kufanyiwa.

Kuhusu mema, Injili ya Marko ina kisa kinachovunja ngazi kabisa. Matajiri walitia fedha nyingi katika sanduku la Hekalu, mjane akatia senti mbili, na Yesu akahukumu kwamba mjane ametoa zaidi ya wote. Kipimo kimebadilika: badala ya uzito wa fedha iliyoingia, kinahesabiwa kilichobaki nyuma yake. Waumini husoma kisa hiki kama faraja kwa maskini, na ni haki yao, lakini ndani yake mna pia kanuni ya hesabu iliyo kali. Miligramu 14 kwa mnunuzi mwenye kontwari ni vumbi. Kwa mchimbaji ambaye mawe hayo ni mavuno ya mwezi mzima, sehemu ya hamsini ya mzigo wake ni karo ya mtoto au dawa ya malaria.

Je, ipo kweli mizani ya matendo? Wanateolojia wa Kimu'tazila walisema kwamba mizani ya Kiyama ni jina la uadilifu, kwa sababu matendo ni sifa zinazopita wala si miili, na kisicho mwili hakina uzito wa kupimwa. Ahlu Sunna waliojibu walishikilia kwamba mizani ni ya kweli, na wengi wao wakaeleza kwamba kinachowekwa vitangani ni kurasa zilizoandikwa matendo, au matendo yaliyogeuzwa kuwa miili. Ubishi huu unaonekana wa kizamani mpaka mtu atambue kwamba pande zote mbili zilikubali jambo moja gumu: tendo haliingii mizanini likiwa tendo. Lazima kwanza libadilishwe kuwa kitu kingine, na kubadilisha huko si kwa aina ya gramu na kilo. Ama kunafanywa na Mungu, ama ni istiari.

Dini zote mbili zinakutana tena kwenye kanuni ya kurudisha, na hapo ndipo suala la Kisangani linapokuwa la vitendo. Toba ya aliyechukua mali haikamiliki mpaka mali irudi kwa mwenyewe. Ghazali anasema hivyo, na wanateolojia wa Kikatoliki wanasema hivyo. Mnunuzi anayetubu anazo gramu zake 14. Kuzibadili kuwa miligramu ni rahisi: ni 14,000. Kuzigawa zimrudie kila mwenye miligramu 14 zake haiwezekani, kwa kuwa daftari liliandikwa 3.4 na pointi saba hazikuandikwa popote, na wenyewe wametawanyika Banalia, Opala na Bafwasende, wengine wakiwa wamehama machimbo au wamefariki. Tungamo limejumlishwa na linaweza kugawanywa tena. Majina yaliyokuwa yameshikana nalo yamepotea njiani. Kwa hali hiyo Ghazali anaagiza mali itolewe sadaka kwa niaba ya wenyewe wasiojulikana, na walimu wa maadili wa Kikatoliki wanaagiza ipewe maskini kwa sababu ileile. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huongeza sharti: mwenye haki akijulikana baadaye, anabaki na dai lake kamili, kwa miligramu zote 14.